Koti Ndani ya Tairi

"Usiniite mama," Batula alisema. "Mama gani anafungiwa seli na mtoto wake?"

Inspekta Mwadime alifungua mfuko wa plastiki, akatoa tyubu nyeusi ya pikipiki na kuitandaza mezani. Ilikuwa imechanika upande wa nje, mpasuko wa urefu wa kidole. Karibu na mdomo wa kujazia upepo palikuwa na doa la rangi ya manjano.

"Hii alama ni yako?"

"Ni yangu. Kila tyubu yangu naitia rangi hiyo."

Mwadime hakutarajia akubali haraka hivyo. Kwa siku nzima watu walikuwa wamemwambia kwamba Batula atakana. Alivuta kiti, akaketi.

"Basi mbona unapiga kelele? Yahye amekufa kwa tyubu yako. Umekubali mwenyewe."

"Nimekubali alama. Sijakubali maiti."

Batula alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Galbet. Alikuwa nalo mpaka jana. Jana vijana wa bodaboda walilivunja mlango, wakatupa mali barabarani, na mmoja akaja na petroli. Polisi walifika kabla ya kiberiti. Wakamchukua yeye, wakasema ni kwa usalama wake.

"Kama ni usalama, ungefungia wao," alisema, kana kwamba amesikia anachowaza Mwadime. "Mimi sikubeba petroli."

"Soma hapa." Mwadime aligonga maandishi yaliyochongwa kwenye mpira. "Inasema nini?"

"Mbili nukta sabini na tano, kumi na nane. Sihitaji kusoma."

"Na gurudumu la nyuma la Yahye?"

"Tatu, kumi na saba. Wewe unaniuliza kazi yangu?" Aliinama mbele. "Sikiliza, afande. Mtu akija kwangu bila kujua nambari, namrudisha akaangalie ubavu wa tairi. Nambari ya kwanza ni unene. Ya pili ni ukubwa wa rimu. Tyubu ya rimu kubwa ukiingiza kwa ndogo, inajikunja, inajisugua yenyewe, inatoboka. Tyubu nyembamba ukiingiza kwa tairi nene, inavutika kama baluni ya harusi. Ikipata moto wa lami, kwisha. Hiyo kumi na nane ni ya gurudumu ya mbele. Yahye sikumuuzia."

"Ulimuuzia nani?"

"Najib."

Mwadime alicheka kwa pua. Najib ndiye mwenyekiti wa steji ya bodaboda ya Galbet, na pikipiki aliyokuwa akiendesha Yahye ilikuwa mali yake. Ndiye pia aliyemshtaki Batula.

"Kwa ajili ya pikipiki gani?"

"Yake, ile nyekundu anapanda mwenyewe. Mbele ni kumi na nane. Alichukua mwezi uliopita."

"Nani alikuona ukimuuzia?"

"Mwenyezi Mungu."

"Nataka shahidi ninayeweza kumwandika."

"Basi huna." Alijifunga shungi vizuri. "Leo wazee wanakaa baada ya swala ya asr. Wewe si mtu wa hapa, wacha nikufundishe. Wakisema ni tyubu ya Batula iliua, damu ya Yahye iko juu ya watu wangu wote, wao ndio watailipa. Kaka zangu, watoto wa kaka zangu. Duka limekwisha, hiyo nimemeza. Lakini watoto hao wabebe damu sikumwaga mimi? Wallahi nitakulaani mpaka ufike kwenu Voi."

"Kulaani hakusaidii kesi."

"Hata kuketi hapo hakusaidii."

Mwadime alikunja tyubu, akaondoka. Hakumpenda yule mwanamke. Lakini watu waongo aliowajua walianza kwa kukana alama.

*

Gurudumu lilikuwa kwenye stoo ya vielelezo, limefungwa kwa waya pamoja na mabaki ya pikipiki. Hakuna aliyekuwa na haja nalo. Kila mtu alikuwa na habari moja, nayo ilitoka kwa Najib: wiki iliyopita Yahye alikuwa akirudi kwa barabara ya Modogashe bila abiria, tairi la nyuma likapasuka, akaangukia mbele ya lori la mchanga. Najib alifika wa kwanza. Polisi walipofika, tyubu ilikuwa tayari imetolewa. Najib aliileta kituoni mwenyewe, kesho yake, akasema mwiba ulipita kwa sababu tyubu ilikuwa kubwa na imejikunja.

Kesho yake. Mwadime alikuwa amelisoma neno hilo kwenye jalada mara nyingi bila kulitilia shaka.

Alilitoa gurudumu nje kwenye jua. Ubavu wa tairi ulisema tatu, kumi na saba, kama Batula alivyosema. Akapitisha kiganja juu ya mgongo wa tairi, polepole, duara nzima. Halafu akarudia kwa macho. Hakuona tundu la mwiba. Mwiba wa mti wa mathenge hauingii bila kuacha mlango. Mara nyingi hukatikia humo humo.

Upande mmoja wa tairi ulikuwa umeachia rimu. Akaingiza mkono ndani. Vidole vikagusa mpira laini.

Aliuvuta. Ulikuwa mkanda mpana wa tyubu kuukuu, iliyopasuliwa na kulazwa ndani ya tairi kuzunguka duara lote. Koti. Kila mwendesha pikipiki wa Garissa anavalisha tairi lake koti, maana mathenge imejaa kila kichochoro. Mwiba ukipita tairi, unakutana na koti kabla ya kuifikia tyubu. Mwadime mwenyewe alipohamishiwa huku alicheka kuona watu wakitia mpira ndani ya mpira. Baada ya wiki moja ya kusukuma pikipiki juani aliacha kucheka.

Ni jambo la kawaida mno. Aliyeing'oa tyubu aliliacha koti mahali pake kama mtu anavyosahau soksi ndani ya kiatu.

Akalitandaza chini. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa sawa. Ukingo wa pili ulikuwa sawa pia, isipokuwa mahali kisu kilipoteleza, kikaingia ndani, kikatoka tena. Palibaki pengo lenye ncha, kama jino la msumeno. Hakukuwa na tundu lolote. Mwiba uliotoboa tyubu bila kutoboa tairi wala koti ulipitia wapi?

Aliiweka ile tyubu ya kielelezo kando ya koti. Akaigeuza. Mpira wake ulikuwa laini na sawa kila mahali. Hakukuwa na mkunjo, ingawa Najib alisema imejikunja. Na kuna jambo jingine lilikuwa linakosekana.

Hakutaka kuamini kumbukumbu yake. Alichukua spana na vyuma vya kung'olea tairi, akaenda kwa pikipiki yake mwenyewe chini ya ukuta wa kituo, akafungua gurudumu la nyuma. Konstebo wa zamu alitoka kutazama.

"Pancha, mkubwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unafungua gurudumu zima?"

"Nenda kakae mezani."

Jasho lilimwingia machoni. Alipoitoa tyubu yake, aliifuta vumbi na kuielekeza kwenye mwanga. Alichokuwa anakitafuta kilikuwepo. Mistari miwili, kila mmoja upande wake, ilizunguka tyubu nzima, imeingia ndani ya mpira kama alama ya kamba kiunoni. Ukingo wa koti, ukibanwa na upepo na joto la lami siku baada ya siku, hujichora kwenye tyubu. Mstari huo haufutiki.

Tyubu ya kielelezo haikuwa na mstari. Haikuwahi kukaa ndani ya gurudumu la Yahye hata siku moja.

Kwa hiyo Batula alikuwa anasema kweli kuhusu tyubu ile. Lakini wazee hawawezi kuhukumu kwa kitu ambacho hakipo. Yahye alikufa kwa tyubu nyingine. Hiyo ndiyo Mwadime aliyoitaka, na wazee walikuwa wanakaa jioni ile ile.

Akarudisha gurudumu lake harakaharaka, akalifunga lile koti nyuma ya kiti, akawasha pikipiki.

*

Kwenye steji ya Galbet hakuna aliyemsalimia. Vijana walikuwa wamelala juu ya matangi ya pikipiki zao, miguu kwenye usukani. Mmoja alitema mate karibu na kiatu cha Mwadime, si mbali sana wala si karibu sana.

"Waryaa, angalia, polisi wa Batula amekuja," alisema mwingine. "Amekupa tyubu ya bure, afande?"

"Najib yuko wapi?"

"Yuko mbele yako." Najib alisimama kutoka kwenye kivuli cha kibanda. Alikuwa mrefu, amevaa kikoi na shati safi, ndevu zimepakwa hina. "Kesi imekwisha. Wazee wanamaliza leo. Unatafuta nini?"

"Pikipiki yako nyekundu."

"Ina leseni. Ina bima."

"Sikuuliza bima. Mbele ni rimu ya ngapi?"

"Kumi na nane. Na wewe ni polisi ama fundi?"

"Ulinunua tyubu ya kumi na nane kwa Batula mwezi uliopita."

Vijana waliinua vichwa. Najib hakuangalia pembeni. Alitabasamu.

"Batula amesema hivyo? Mtu anazama, anashika hata nyoka. Sinunui kwake mimi. Gurudumu hiyo ina tyubu ya zamani. Unataka nifungue?"

"Hapana. Nataka ile iliyokuwa kwa Yahye."

"Nilikuletea."

"Uliniletea nyingine."

Minong'ono ya Kisomali ilipita kati ya vijana. Mwadime alijua maneno machache tu, lakini neno la matusi analijua mtu hata kabla ya lugha. Hakungoja. Alikwenda kando ya kibanda, palipokuwa na rundo la tyubu zilizochoka. Huku hakuna anayetupa tyubu. Ikishindwa kushika upepo, inapasuliwa vipande virefu vinavyoitwa blada, na blada hufunga kila kitu: magunia, mbuzi, magodoro, mitungi ya maziwa. Mtu akitaka kupoteza tyubu Garissa, njia rahisi si kuichoma ikatoa moshi watu waulize. Ni kuikata.

Alianza kuinua blada moja moja, kuielekeza kwenye jua na kuitupa. Nyingine zilikuwa na viraka. Nyingine zilikuwa na mstari wa koti, lakini mstari ulionyooka mwanzo hadi mwisho. Alitafuta mstari wenye jino.

"Afande anatafuta mshipi!" mmoja alipiga kelele, na wote wakacheka.

"Muulize kiuno chake saizi gani. Anaonekana kumi na nane!"

Mwadime aliendelea. Mikono ikawa myeusi. Alifika chini ya rundo, hakupata kitu. Alipoinuka, Najib alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Umemaliza?"

Jiwe dogo lilitua kwenye mgongo wa Mwadime. Hakugeuka. Alijua akigeuka la pili litakuwa kubwa zaidi.

"Aibu!" Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma yao. "Ndugu yangu yuko kaburini, wewe unacheza na mipira!"

Alikuwa Muslimo, dada mkubwa wa Yahye, muuza maziwa ya ngamia. Vijana walimpisha. Alikuwa amekuja na mitungi yake ya njano, na mmoja wao tayari alikuwa anaifunga juu ya keria ya pikipiki nyekundu ya Najib. Tangu Yahye afe, Najib ndiye aliyekuwa akimbebea maziwa hadi sokoni, na steji nzima ilimsifu kwa hilo.

"Muslimo," Mwadime alisema, "pole kwa msiba."

"Peleka pole yako kwa Batula. Wewe ndiye unamficha. Kama si wewe, vijana wangemaliza kazi jana."

"Batula hakumuua Yahye."

"Usitaje jina lake kwa mdomo huo!"

Alimsogelea hadi kifuani. Mwadime hakurudi nyuma. Lakini macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la yule mwanamke, yakatua kwenye mitungi. Ilikuwa imefungwa kwa blada mbili pana, zimevutwa hadi zikang'aa. Kwenye ile ya juu kulikuwa na mstari. Mstari ulikwenda moja kwa moja, ukafika katikati ya mtungi, ukaingia ndani, ukatoka tena.

Jino la msumeno.

"Mambo ya kituo chenu ni yenu," Muslimo alikuwa bado anasema, "lakini msije hapa kutu—"

"Nani alikupa hizo blada?"

"Nini?"

"Hizo za mitungi. Nani alikupa?"

Najib alicheka kwa nguvu mno. "Sasa amehamia kwa maziwa! Habaryar, mama yangu, achana naye. Twende, jua kali, maziwa yataharibika." Akarusha mguu juu ya pikipiki.

Mwadime aliutoa ufunguo kwenye swichi kabla Najib hajaufikia. Vijana walisimama wote kwa pamoja. Mmoja alishika spana.

"Nyinyi," Mwadime alisema, bila kupandisha sauti, "mnataka kujua aliyemuua mwenzenu ama mnataka kumpiga polisi? Chagueni. Kupiga polisi kunaweza kungoja kidogo."

Alifungua koti kutoka nyuma ya kiti chake, akalitandaza mchangani mbele ya Muslimo.

"Hili lilitoka ndani ya gurudumu la Yahye. Nimelitoa mwenyewe asubuhi. Unalijua?"

Mdomo wa Muslimo ulifunguka kwa tusi, halafu ukabaki hivyo. Alichuchumaa. Kidole chake kilifuata ukingo wa mpira hadi kwenye lile pengo.

"Alikatia mlangoni kwangu," alisema taratibu. "Kisu kikateleza. Akajikata hapa." Akagusa kiungo cha kidole gumba chake mwenyewe. "Nilimfunga na kitambaa. Nikamwambia mpira umeharibika, kata ingine. Akasema nani ataiona ndani ya tairi?"

"Tyubu inaiona. Inabeba alama ya koti lake. Hiyo aliyoileta Najib haina alama yoyote. Sasa angalia blada yako."

Muslimo aliinuka. Kijana aliyekuwa akifunga mitungi alitaka kumsaidia, yeye akamsukuma. Alifungua fundo mwenyewe, kwa kucha na meno. Blada iliachia ghafla, mtungi mmoja ukateleza kutoka kwenye keria, ukaanguka, kifuniko kikaruka. Maziwa yakamwagika mchangani kati ya miguu ya vijana. Hakuna aliyeinama kuuinua.

Akailaza blada juu ya koti. Akaisogeza. Jino likaingia kwenye jino.

Mwadime alichuchumaa kando yake, akaonyesha maandishi yaliyobaki kwenye mpira. Ilikuwa kumi na saba, sawa na rimu. Lakini nambari ya unene ilikuwa mbili na nusu.

"Hii ni tyubu ya mbele," alisema. "Nyembamba. Imewekwa nyuma, kwenye tairi nene, panapokaa mzigo. Na angalia hapa, kiraka juu ya kiraka. Na hapa ndipo ilipofunguka."

"Alinipa siku ya tatu ya msiba," Muslimo alisema. Hakuwa anaongea na Mwadime tena. Alikuwa anamtazama Najib. "Nilikosa kamba ya mitungi. Akasema ngoja, nitakupa blada nzuri. Nikamwombea dua. Mbele ya watu, nilimwombea dua."

"Ulinikuta nimeishika," Najib alisema. "Ningekunyima, ungeuliza kwa nini."

Hakuna aliyecheka. Yule wa spana alikuwa ameishusha.

"Najib," Mwadime alisema, "Yahye alikwambia nini kuhusu hiyo tyubu?"

"Hakuna kitu aliniambia."

"Aliniambia mimi," kijana wa spana alisema. "Alisema iko laini kama puto. Alisema mwenye pikipiki amekataa kununua ingine, anamwambia akitaka tyubu mpya atafute pikipiki mpya."

"Wewe nyamaza!" Najib aligeuka. Sura yake safi ilikuwa imevimba. "Nani hapa hajaweka tyubu ya mbele nyuma? Nani? Wewe? Wewe? Wote mnaweka! Nilimwambia aende polepole, na bila abiria. Nilimwambia kabisa!"

Alisikia maneno yake mwenyewe akiwa ameshayasema. Alitazama huku na huku, akatafuta uso mmoja wa kumsaidia, akaukosa.

"Kwa hiyo ulijua," Mwadime alisema, akamvisha pingu.

Aliwasha simu, akapiga kituoni. "Mtoe Batula. Mlete kwa wazee sasa hivi."

Konstebo alirudi kwenye simu: "Mkubwa, anasema hapandi gari la polisi."

"Basi mwambie atembee. Na wewe tembea nyuma yake, mtu asimguse."

Adhana ya asr ilianza. Muslimo aliizungusha ile blada kwenye mkono wake, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ikambana ngozi. Mwadime alinyoosha kiganja.

"Hicho ni kielelezo. Nipe."

"Wazee wataiona kwanza."

"Sheria inasema—"

"Sheria yako ilifungia mwanamke asiyeua, ikaacha huyu abebe maziwa yangu." Aliokota koti kutoka mchangani, akalipangusa vumbi, akamtupia kifuani. "Wewe beba hilo. Mimi nabeba hii."

Akatangulia, bila kumtazama Najib wala maziwa. Mwadime aliweka koti begani, akamshika Najib kwa pingu, akamfuata. Nyuma yao vijana waliacha pikipiki zao bila mlinzi, jambo ambalo steji ile haikuwahi kuliona, wakaanza kutembea.